Siku za kwanza katika Minecraft: mti, jiwe, mwanga na njia ya kurudi nyumbani

Mchezaji anayeingia katika ulimwengu wa Minecraft kwa mara ya kwanza hujikuta amesimama nyikani, mikono mitupu, jua likiwa ndiyo kwanza limechomoza. Hakuna anayempokea, hana ramani, wala hajapewa kazi yoyote. Mbele yake kuna miti, vilima, pengine kondoo wawili watatu wanaokula majani, na ardhi yote imejengwa kwa bloku za mchemraba zenye upana wa mita moja kila upande. Karibu kila bloku inaweza kuvunjwa, kubebwa na kupangwa mahali pengine. Mchezo wenyewe ndio huo: kukusanya malighafi, kuzigeuza ziwe vifaa, kisha kwa vifaa hivyo kuzifikia malighafi ambazo mikono isingeziweza, huku njaa na usiku vikimfuata mchezaji nyuma.

Minecraft ni kazi ya Markus Persson, mtunzi wa programu kutoka Sweden, aliyeitoa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 17 Mei 2009. Toleo kamili lilitoka tarehe 18 Novemba 2011 chini ya kampuni ya Mojang ya Stockholm, na mwaka 2014 Microsoft ikakubali kuinunua kampuni hiyo kwa dola za Marekani bilioni 2.5. Kufikia Oktoba 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Nairobi nayo imo katika historia hii. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu yake katika jiji hilo, lilianza kushirikiana na Mojang mwaka 2012 katika mpango wa Block by Block, ambamo wakazi wa mtaa hutumia mchezo kuonyesha namna wanavyotaka viwanja na maeneo yao ya wazi yatengenezwe. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa. Mtu ambaye mchoro wa msanifu humpiga chenga huielewa bloku papo hapo, na ndiyo maana mpango ule uliwezekana.

Kuielewa bloku, hata hivyo, si kujua kuishi. Katika hali ya mchezo inayohusu kuishi kwa kujitegemea, sheria ni nyingi na mchezo wenyewe hutamka chache. Mgeni hufa usiku wa kwanza bila kujua kilichomuua, hufufuka mahali asipopatambua, na vyote alivyokusanya huwa vimebaki pale alipofia. Wengi hudhani kosa ni kukosa upanga mzuri. Ukweli ni kwamba vifo vya siku za mwanzo hutokana zaidi na mpangilio mbaya wa kazi: mchana uliotumika kutembea, nyumba isiyo na mwanga, shimo lililochimbwa wima. Karibu kila hatari humo ina kanuni isiyobadilika, na anayeijua kanuni huiepuka akiwa na vifaa duni kabisa.

Kabla ya kuingia kuna chaguo chache. Mchezo una matoleo mawili makubwa. Java huendeshwa kwenye kompyuta tu. Bedrock huendeshwa kwenye simu, vifaa vya michezo vya kuunganishwa na televisheni, na kompyuta za Windows. Wachezaji wa matoleo haya mawili hawakutani katika ulimwengu mmoja kwa njia ya kawaida, kwa hiyo anayetaka kucheza na ndugu au marafiki hana budi kuulizia kwanza wao wanatumia lipi. Halafu kuna kiwango cha ugumu. Katika kiwango cha amani maadui hawatokei na shibe haishuki. Katika kiwango rahisi maadui wapo lakini mapigo yao ni mepesi. Cha kawaida na kigumu hupandisha madhara hatua kwa hatua. Njaa yenyewe hufuata ngazi hizo: katika kiwango rahisi humpunguzia mchezaji uhai hadi nusu, katika cha kawaida humwachia nusu ya moyo mmoja, na katika kigumu humuua. Kiwango kinaweza kubadilishwa wakati wowote katikati ya mchezo, isipokuwa katika ile hali ngumu kupita zote ambapo kifo kimoja humaliza kila kitu. Si aibu kuanza na kiwango rahisi. Anayeanza na amani, kwa upande mwingine, hukosa kujifunza jambo lenyewe alilolijia.

Saa ndiyo msingi wa yote. Siku nzima ya Minecraft huchukua dakika 20 za saa ya ukutani: mchana dakika 10 hivi, machweo dakika moja na nusu, usiku dakika 7, na mapambazuko dakika moja na nusu. Basi mgeni ana dakika 10 za kufanya mambo ambayo mwenye ujuzi huyafanya kwa 3, na kila dakika anayoitumia kupanda mlima ili atazame mandhari anaikopa kutoka kwenye usalama wake wa usiku. Jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi kama lilivyo kwetu, kwa hiyo kulitazama mara kwa mara humpa mchezaji saa na dira kwa wakati mmoja.

Kazi ya kwanza ni mti. Gogo huvunjwa kwa mkono mtupu, kwa kushikilia kitufe au kidole bila kuachia, na huchukua kama sekunde 3. Cha kushangaza wengi ni kwamba sehemu ya juu ya mti haianguki. Hubaki ikielea hewani mpaka nayo ivunjwe. Magogo manane hadi kumi yanatosha kuanzia. Gogo moja hutoa mbao 4, na mbao 2 zilizopangwa moja juu ya nyingine hutoa vijiti 4. Mchezaji anapofungua mkoba wake huona miraba minne ya kufanyia ufundi, miwili juu na miwili chini. Akijaza yote minne kwa mbao, hupata meza ya ufundi, na meza hiyo ndiyo inayofungua mchezo, kwa kuwa ina miraba tisa badala ya minne.

Miraba hiyo tisa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mantiki ya ufundi wote wa Minecraft imo humo. Ili kutengeneza sururu, mbao tatu huwekwa zikijaza mstari wa juu, halafu vijiti viwili hushuka katikati, kimoja chini ya kingine. Ukiitazama miraba hiyo unaiona sururu yenyewe: kichwa kipana juu, mpini katikati. Koleo ni mbao moja juu ya vijiti viwili. Upanga ni mbao mbili na kijiti kimoja katika mstari wima. Kitanda ni safu ya sufu tatu iliyolala juu ya safu ya mbao tatu, na mashua ni mbao tano zilizopangwa kwa umbo la bakuli. Anayekumbuka kwamba kitu hupangwa kwa sura yake mwenyewe hahitaji kukariri mambo mengi. Na anayesahau anacho kitabu cha mapishi ya ufundi kilichomo ndani ya mchezo, chenye picha ya kitabu cha kijani pembeni mwa meza, ambacho kiliongezwa katika toleo la Java mwaka 2017. Kabla ya hapo watu walicheza wakiwa na karatasi pembeni.

Sururu ya mbao ni kifaa cha mpito. Hudumu kwa matumizi 59 tu, na haina haja ya kudumu zaidi, maana kazi yake ni moja: kupata jiwe. Hapa pana kanuni ambayo huwatesa wageni. Jiwe linaweza kuvunjwa kwa mkono mtupu, kwa sekunde 7 na nusu za taabu, lakini likivunjika halitoi chochote. Likivunjwa kwa sururu hutoa jiwe la kubeba. Madini yote yanafuata mtindo huo wa ngazi: jiwe na makaa ya mawe hukubali sururu ya mbao, chuma kinahitaji sururu ya jiwe, dhahabu na almasi zinahitaji sururu ya chuma, obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno, linahitaji sururu ya almasi. Anayegonga almasi kwa sururu ya jiwe ataiona ikisagika na kutoweka mbele ya macho yake, na hiyo ni hasara isiyorudishika.

Kwa sababu hiyo mara tu mawe matatu yanapopatikana, sururu ya jiwe hutengenezwa kwa mpangilio uleule, mawe yakichukua nafasi ya mbao. Hudumu kwa matumizi 131, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Shoka la jiwe na upanga wa jiwe hufuata. Kutengeneza seti nzima ya vifaa vya mbao ni kupoteza magogo na muda. Wachezaji wazoefu hutengeneza sururu moja tu ya mbao, wakauaga ubao palepale.

Mawe manane yakipangwa kuzunguka miraba ya meza na kuacha wazi mraba wa katikati, hutoa tanuri. Tanuri huchukua sekunde 10 kwa kila kitu kinachochomwa au kuyeyushwa, na linahitaji kuni, mbao, mkaa au makaa ya mawe. Kipande kimoja cha makaa huchoma vitu 8. Jua likianza kuinama na makaa ya mawe hayajaonekana bado, wageni wengi huingiwa na wasiwasi kwamba hawatapata mwanga. Dawa yake ni ile ambayo kila kijiji cha Afrika Mashariki kinaijua: magogo yakichomwa ndani ya tanuri hutoka yakiwa mkaa. Kipande kimoja cha mkaa juu ya kijiti kimoja hutoa mienge 4. Mti mmoja unatosha kutoa mienge ya kuvuka usiku wote, hata kama mchezaji hajawahi kuuona mgodi.

Na mwenge ni muhimu kuliko upanga. Viumbe wa uadui huzaliwa mahali penye giza, na tangu toleo la 1.18 lililotoka tarehe 30 Novemba 2021, kanuni imekuwa ya wazi kabisa: katika ulimwengu wa kawaida, zombi na wenzake hawazaliwi mahali popote panapofikiwa na mwanga wa mwenge, hata ukiwa hafifu. Mwenge hutoa mwanga wa kiwango cha 14, nao hupungua kwa moja kwa kila bloku unayosogea mbali nao. Chumba kidogo kinahitaji mwenge mmoja. Pango refu linahitaji mwingi, na kila uliowekwa ni eneo lililotwaliwa moja kwa moja, maana mienge hiyo haizimiki wala kwisha. Nyumba nzuri iliyoachwa bila mwanga ndani ni mtego: mwenyewe anafunga mlango na maadui wanazaliwa nyuma yake.

Nyumba ya usiku wa kwanza haina haja ya uzuri. Shimo lililochongwa ubavuni mwa kilima, lenye upana wa bloku tatu na urefu wa bloku mbili kwenda juu, likazibwa mlangoni kwa udongo na kuwekwa mwenge mmoja, linamlinda mtu kama ngome. Wageni wengi hutaka kujenga kasri siku ya kwanza, nayo machweo huwakuta kuta zikiwa nusu. Mwenye ukuta bila paa pia hajamaliza, maana buibui hupanda kuta.

Usiku unapoingia, mchezaji aliyejifungia husikia nje mlio wa zombi, kama mgonjwa anayegugumia, na mgongano mkavu wa mifupa inayotembea na upinde. Kila mmoja wa hao ana tabia yake. Zombi ni mzito na hupiga kwa mkono, kwa hiyo anayerudi nyuma akipiga humshinda. Kiunzi cha mifupa hurusha mishale kutoka mbali, na dawa yake ni kujificha nyuma ya bloku mpaka kisogee. Wote wawili huungua jua linapochomoza, isipokuwa wakiwa kivulini, majini au wamevaa kofia. Buibui hupoteza ukali mchana, ingawa aliyeanza kuchokozwa haachi. Enderman, yule mrefu mweusi mwenye macho ya zambarau, humwacha mtu kwa amani ilimradi asitazamwe usoni, na maji humdhuru.

Kripa ndiye anayestahili kuogopwa. Ni kiumbe wa kijani asiye na mikono, anayetembea kimya, na haungui na jua; ndiye anayemkuta mchezaji asubuhi nje ya mlango wakati wengine wote wameshateketea. Akimkaribia mtu husimama, hutoa mlio kama wa utambi uliowashwa, na baada ya sekunde moja na nusu hulipuka, akimwangamiza mtu na ukuta wa nyumba yake pamoja. Persson ameeleza kwamba umbo lake lilitokana na kosa: alikuwa akichora nguruwe, akachanganya vipimo vya urefu na kimo, akapata kitu kilichosimama wima. Kosa hilo limekuwa nembo ya mchezo mzima. Sekunde moja na nusu ni muda wa kutosha kwa anayejua la kufanya, nalo ni kukimbia nyuma mara moja. Akiachwa mbali, kripa husitisha mlipuko. Mbinu ya kumshambulia ni kupiga pigo moja, kurudi hatua kadhaa, kungoja, na kupiga tena. Paka humtisha, na nyumba yenye paka hupata nafuu kubwa.

Kitanda hufuta usiku wote huo. Kinahitaji sufu tatu za rangi moja na mbao tatu. Kondoo akichinjwa hutoa sufu moja. Akikatwa manyoya kwa mkasi, ambao unahitaji mikuo miwili ya chuma, hutoa moja hadi tatu na anabaki hai kuotesha nyingine. Siku ya kwanza mkasi haupo, basi kondoo watatu wakionekana mapema ni bahati ambayo haifai kuachwa ipite. Kulala kunawezekana kuanzia machweo, mradi hakuna adui karibu na kitanda, na mchezaji huamka asubuhi. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: aliyelala kitandani akifa baadaye hufufuka penye kitanda chake, si pale nyikani alipoanzia. Kitanda kikivunjwa au kuzibwa, haki hiyo hupotea. Anayekesha siku tatu mfululizo naye hufuatwa na viumbe warukao usiku, ambao huja kwa sababu hiyo tu ya kutolala.

Chakula huonekana kwenye skrini kama mapaja 10 ya kuku, na uhai kama mioyo 10. Kila paja na kila moyo huhesabiwa kuwa alama 2. Vitu hivi viwili vimefungamana. Shibe ikiwa alama 18 au zaidi, majeraha hupona yenyewe. Ikishuka hadi 6, mchezaji hawezi tena kukimbia. Kwa maneno mengine, chakula ndiyo dawa ya mchezo huu, na mtu anayepigana akiwa na njaa anapigana bila kupona. Nyama ya ng'ombe au ya nguruwe iliyochomwa hutoa alama 8, karibu nusu ya shibe yote. Kuku mbichi ana uwezekano wa asilimia 30 wa kumlisha mtu sumu, na nyama iliyooza inayoangushwa na zombi ni mbaya zaidi, asilimia 80, ingawa kwa aliyezidiwa na njaa pangoni inaweza kumvusha.

Kuwinda hutosha siku mbili tatu, kisha wanyama wa jirani huisha. Kilimo ni lazima, na bora kianze mapema kwa sababu hukua wakati mchezaji yuko kazini kwingine. Majani ya porini yakifyekwa hutoa mbegu za ngano mara kwa mara. Jembe hutengeneza shamba, na maji ya bloku moja hulowesha udongo hadi bloku 4 kila upande, kwa hiyo shamba la tisa kwa tisa lenye tone moja la maji katikati hupata vipande 80 vya kupandia. Ngano 3 hutoa mkate wenye alama 5. Kuruka juu ya shamba huliharibu, nao wanyama wakipita wakirukaruka hufanya vilevile. Uzio si pambo. Ngano hiyohiyo wakilishwa ng'ombe wawili au kondoo wawili huzaa ndama au mwanakondoo, ambaye hukomaa baada ya dakika 20. Hapo mtu ameacha kuwinda na ameanza kufuga, na tatizo la njaa limekwisha kwa maisha yote ya ulimwengu huo.

Baada ya mwanga, kitanda na chakula huja mgodi. Ulimwengu wa kawaida una kina na kimo kinachohesabiwa kwa namba: sakafu yake ni -64, juu kabisa ni 320, na usawa wa bahari uko 62 au 63. Namba hiyo ya kimo, pamoja na zile mbili zinazoonyesha umbali wa mashariki na magharibi, kusini na kaskazini, hupatikana kwa kubonyeza F3 katika Java au kwa kuwasha chaguo la kuonyesha mahali katika Bedrock. Makaa ya mawe hujaa milimani. Chuma hupatikana sana karibu na kimo cha 16, na pia juu kabisa ya milima mirefu. Almasi huanzia 16 kushuka chini na kuongezeka kadiri mtu anavyozama, hivyo wachimbaji wengi hufanya kazi karibu na -59. Kuanzia karibu na 0 kushuka chini, jiwe la kijivu hupisha jiwe la giza ambalo ni gumu zaidi kuchimba, na mgeni asidhani sururu yake imeharibika.

Kanuni ya kwanza ya mgodi husemwa na kila mzoefu, na kila mgeni huivunja mara moja: usichimbe chini ya miguu yako. Bloku iliyo chini inaweza kuwa paa la pango au dari ya ziwa la lava. Kuanguka kwa bloku 3 hakudhuru. Kila bloku inayozidi hapo hupunguza alama moja ya uhai, na bloku 23 humuua mtu mwenye mioyo yote. Lava ni mbaya zaidi, kwa kuwa huunguza mtu na mali yake yote, haibakizi kitu cha kurudia. Njia salama ni ngazi: bloku moja mbele, moja chini, moja mbele, moja chini, na mwenge kila baada ya hatua chache. Vilevile haifai kuchimba wima juu ya kichwa, maana changarawe na mchanga huanguka na kumziba mchimbaji pumzi.

Ukifika kwenye kina kinachotakiwa, uchimbaji wa matawi ndio unaolipa. Njia kuu hutobolewa ikiwa na upana wa bloku moja na kimo cha bloku mbili, halafu matawi hutoka kulia na kushoto, bloku mbili zikiachwa kati ya tawi na tawi ili kila kinachopita katikati kionekane kutoka upande mmoja au mwingine. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na ndiyo iliyo salama. Mapango makubwa hutoa madini haraka zaidi, lakini humtaka mtu awe na ngao, chakula cha kutosha na mienge mingi. Mwenye busara huweka mienge upande mmoja tu, tuseme wa kulia, anapoingia. Akitaka kutoka, huhakikisha iko kushotoni mwake. Mbinu hiyo ndogo imeokoa watu wengi kuliko panga zote za almasi.

Chuma cha kwanza kina matumizi yanayogombaniana. Vazi zima la chuma, kuanzia kofia hadi viatu, hula mikuo 24, na mgeni huvutwa nalo kwa sababu linaonekana. Afadhali aanze na vitu vya bei nafuu vyenye faida kubwa: ngao, inayohitaji mkuo 1 na mbao 6, huzuia mishale na hata mlipuko wa kripa ikiinuliwa upande wake, ndoo, mikuo 3, hubeba maji ya kuzimia moto, kugeuza lava kuwa jiwe, na kushukia mwamba mrefu kwa kutiririka, sururu, mikuo 3, ndiyo ufunguo wa almasi. Mikuo 7 hiyo hubadilisha maisha kuliko vazi lote.

Kila mchezaji atakufa, na namna ya kufa ni sehemu ya kujua kucheza. Vitu vyote vilivyomo mkobani humwagika alipoangukia. Hudumu dakika 5, lakini muda huo huhesabika tu wakati mchezaji yuko karibu kiasi cha eneo lile kuwa hai. Aliyefufuka mbali sana ana nafasi ya kujipanga kwanza, kuchukua chakula na upanga, kabla ya kukimbilia huko akiwa uchi na kufa mara ya pili. Kinga halisi ni sanduku. Mkoba una nafasi 36, na nyingi ya bidhaa hurundikana hadi 64 katika nafasi moja. Hakuna sababu ya kutembea na almasi zote. Sanduku ni mbao 8, na kilichomo ndani yake hakipotei mwenyewe akifa.

Kupotea ni kifo cha aina nyingine. Ulimwengu wa Java una upana wa bloku milioni 60, na vilima vyake hufanana. Anayeandika namba za mahali pa nyumba yake kwenye karatasi, jioni ile ile ya kwanza, amejiokoa na huzuni ambayo wageni wengi huijua: kuitafuta nyumba uliyoijenga kwa mikono yako kwa siku tatu, kisha kukata tamaa na kujenga nyingine. Asiyetaka kutumia namba hujenga mnara mrefu wenye mienge juu, au hufuata jua.

Vijiji, vikionekana, hurahisisha mengi. Vina vitanda tayari, mashamba ya kuvuna, na wanakijiji wanaobadilishana bidhaa kwa zumaridi. Mvunaji mwenye adabu hupanda upya alichong'oa, kwa faida yake mwenyewe: mashamba hayo ndiyo yanayowalisha wanakijiji, na wanakijiji walioshiba ndio wanaozaliana na kuongeza biashara. Usiku wa kijijini, hata hivyo, huvuta zombi, na kijiji kisichowekewa mienge hupungukiwa watu mmoja baada ya mwingine.

Kuna mpaka ambapo ugeni huisha, nao unaonekana kwa macho. Mchezaji aliyepata almasi 3 hutengeneza sururu yake ya almasi, humwagia maji lava iliyotulia, na kukata obsidiani inayotokea, karibu sekunde 9 na nusu kwa kila bloku. Bloku 10 zinatosha kusimamisha fremu ya mlango yenye upana wa 4 na kimo cha 5, pembe zake zikiachwa wazi. Jiwe la gumegume, linalopatikana kwa kuvunja changarawe, pamoja na mkuo wa chuma, hutoa kiwashio. Akiwasha ndani ya fremu, pazia la zambarau hutanda na kuvuma. Upande wa pili ni Nether, nchi ya moto na mawe mekundu, ambako bloku moja ya mwendo ni sawa na 8 za huku, maji hayamwagiki, na kitanda alichokizoea, akijaribu kukilalia, hulipuka. Kabla ya kuvuka huacha almasi sandukuni, huvaa kitu kimoja cha dhahabu ili wakazi wenye sura ya nguruwe wasimshambulie, na huandika namba za mlango wake.